Baba mdogo kapitishwa na ukoo kusimamia mirathi, nyumba haijawa yake

Mkuu pole sana na msiba. Nimekuelewa, mzee alikuwa anaishi Morogoro na mama yenu, baada ya arobaini ukoo ukakaa ukampitisha baba mdogo, sasa anataka akafungulie mirathi kijijini kwao na anadai hati ya nyumba lazima isome jina lake. Mimi ndo msimamizi wa mirathi ya baba yetu, ngoja nikwambie ninavyoijua hii kitu.

Kikao cha ukoo hakimteui mtu. Kinapendekeza jina, anayeteua ni mahakama, na mama na nyie watoto mna haki ya kusimama mbele ya hakimu mkasema huyu hatumtaki, sababu zetu ni hizi. Maombi yakishapelekwa (Fomu Na. 1) mahakama inatoa tangazo, na hapo ndo nafasi yenu ya kuweka pingamizi. Sasa unaona kwanini watu wanakimbilia kijijini? Tangazo linabandikwa ubaoni huko, nyie mko Moro hamna habari, mnakuja kushtuka mtu kashapewa barua ya usimamizi. Lakini mahakama ya mwanzo inasikiliza mirathi ya mtu aliyekuwa na makazi yake ndani ya eneo lake, sio alikozaliwa wala alikozikwa, kwahiyo kama mzee makazi yake yalikuwa Moro, fungueni Moro. Alafu mahakama ya mwanzo inashughulika na mirathi zinazoenda kimila au Kiislamu, kama mzee alikuwa Mkristo ulizeni mapema kabisa kwa karani mfungue wapi, maana kuna familia jirani yetu shauri lilifutwa kwenye rufaa wakaanza upya na kiwanja kimoja kilishauzwa.

Kuhusu hati usitishike sana. Ni kweli ofisi ya ardhi wanaanza kwa kumsajili msimamizi badala ya marehemu, Sheria ya Usajili wa Ardhi kifungu cha 67 ndo inavyotaka, ila anaingia pale kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, kisha kutoka kwake ndo inahamia kwa warithi. Shida wengi wanaishia hiyo hatua ya kwanza, miaka inapita, mtu anakusanya kodi ya wapangaji na mjane anaomba hela ya dawa kwa shemeji yake.

Dawa yake ni makaratasi. Msimamizi akishapewa Fomu Na. 4, yaani ile barua ya usimamizi, ana miezi minne kupeleka mahakamani Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali zote na madeni yote, labda mahakama imuongezee muda. Baadae anapeleka Fomu Na. 6, hesabu zenyewe, kilichoingia, kilicholipwa, nani kapata nini. Hizi taratibu zipo tangu kanuni za 1971 za usimamizi wa mirathi kwenye mahakama za mwanzo lakini ndugu wengi hawazijui, wakisikia msimamizi wanajua ndo mrithi mkuu.

Kwetu hiyo Fomu Na. 5 ndo iliwasha moto. Ndugu yetu mmoja alibaki na kadi ya ATM ya mzee na namba ya siri anaijua, alikuwa anachomoa kidogo kidogo tangu matanga, akasema ni za mazishi. Sikubishana nae, nikaomba taarifa ya akaunti benki kwa Fomu Na. 4 na barua ya mahakama, kila kilichotoka baada ya tarehe ya kifo nikakiandika kwenye fomu, chenye risiti kikaingia gharama za mazishi, kisicho na risiti kikakatwa kwenye fungu lake. Hatusalimiani vizuri mpaka leo ila hesabu ilipita. Shangazi nae alitaka ng'ombe wake waliochanganyika na wa mzee, hao walirudi kwa sababu mashahidi walikuwepo.

Cha kufanya wiki hii: mama aende masjala ya mahakama ya huko kijijini aulize kama kuna shauri la mirathi kwa jina la marehemu, apate namba ya jalada. Kama limeshafunguliwa, pingamizi liandikwe haraka, na hilo la makazi ya marehemu liwe hoja ya kwanza. Kama halijafunguliwa, wahini nyie Moro, mwende na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa kuonyesha mzee alikuwa mkazi wa hapo, vitambulisho na wadhamini. Muhtasari wa kikao nao mnaweza kuwa nao, mama na watoto mkae muandike wa kwenu.

Hujasema cheti cha kifo orijino kakishika nani?