Jibu: Goti la Griffin, lawama iende kwa nani?

Salaam mkuu. Unauliza kipigo cha Washington mbele ya Seattle kwenye futiboli ya Marekani (NFL), 24-14, Januari 6, 2013, tumlaumu kocha wa Washington Mike Shanahan au kwotabeki wake (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) Robert Griffin III aliyeng'ang'ania kucheza na goti bovu. Mimi namlaumu kocha tu.

Kwanza tazama upya robo ya kwanza, achana na ya nne. Kila mtu anakumbuka ile ya nne, senta (anayempa kwotabeki mpira kuanzisha mchezo) alivyorudisha mpira vibaya na goti la Griffin likapinda alipouinamia. Lakini lilishatoneshwa mapema, karibu na mstari wa goli. Washington wakafika 14-0, pointi zao zikaishia hapo. Angalia mguu wa kulia, ule uliofungwa kifaa cha kukaza goti: anachechemea, akirusha haukanyagii sawasawa.

Eti hapakuwa na mbadala? Desemba 2012 kwotabeki wa akiba Kirk Cousins alianza badala yake kule Cleveland, wakashinda 38-21.

Griffin alisema anaweza kuendelea, sawa. Kwotabeki gani kijana atajitoa mwenyewe kwenye mechi ya mtoano? Nyasi nazo zilikuwa za hovyo, hilo nakubali. Siku tatu baadaye akafanyiwa upasuaji wa kano mbili.