Jina la mwisho si la baba: kwa mnaoanza kuongoza watalii Wahispania

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilisimama uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na bango mkononi, mgeni akanipita mara mbili. Nilikuwa nimeandika jina lake la mwisho, nikidhani ndilo atakaloitikia. Kumbe lile ni la upande wa mama.

Mhispania ana majina mawili ya ukoo. Kwa mazoea la kwanza ni la baba, la pili la mama, ingawa tangu 1999 sheria ya Hispania inawaruhusu wazazi kutanguliza la mama. Hata Colombia ni hivyo: mwandishi Gabriel García Márquez ni García Márquez. Ukimwita Bwana Márquez, umemwita kwa babu mzaa mama. Kwenye bango andikeni yote mawili, muepuke kubahatisha. Na mke habadili jina akiolewa, kwa hiyo mkiona mtu na mkewe wana majina tofauti, msianze kuulizana pembeni kama ni wachumba.

Ile -ez ya mwishoni ni kama “bin” yetu. Fernández ni wa Fernando, Sánchez wa Sancho, Pérez wa Pedro. Mengine yamebaki tangu enzi za Waarabu, walioingia Hispania mwaka 711, na hapo Mswahili hahitaji kamusi sana: Medina ni mji, Alcalá ni ngome. Alcántara ni daraja, al-qantara.

Ninayoyapenda zaidi ni ya kina mama. Mercedes ni Rehema wetu, Consuelo ni Faraja. Pilar ni nguzo, ile ya Bikira Maria kule Zaragoza. Dolores ni maumivu, ila msimfananishe na Shida au Tabu wa kwetu, mkadhani alizaliwa nyumbani kuna dhiki. Maumivu hayo ni ya Bikira Maria. Naye mwenyewe atawaambia mmwite Lola, kama José anavyoitwa Pepe na Francisco Paco. Mkitafuta “Paco” kwenye orodha hamtamwona.

Jambo la mwisho, angalieni jina la mbele. María José ni mwanamke, José María ni mwanamume. Mimi José María nilimpangia hema moja na akina mama wawili. Yeye alicheka sana. Wao hawakucheka.