Maswali na Majibu: Nani anapanga skrini yako?

Maswali ya safari hii yametoka Arusha na Moshi, na yote yanagusa jambo ninalolipenda sana: jinsi kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inavyopanga modi ya skrini, yaani pikseli ngapi na kwa kasi gani.

Shikamoo mwalimu. Nasimamia mitambo kanisani kwetu, Majengo, Moshi. Projekta ni ya 1920 kwa 1080, ila laptopu yenye mfumo endeshi wa Linux inanipa 1024 kwa 768 tu na maneno ya nyimbo yanatanuka. Draiva imekufa?

Marahaba. Mimi nashuku waya kabla ya draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha. Kila monita au projekta hubeba maelezo yake yaitwayo EDID, na fungu lake la kwanza lina baiti 128. Humo ndimo zimetajwa modi inazozikubali. Kwenye waya wa VGA, ule wa zamani wa picha, maelezo hayo hupita pini ya 12 na ya 15. Waya wa bei poa unaweza kukosa nyaya hizo mbili, na usijue, kwa sababu rangi zina pini zake na picha inatoka vizuri. Kerneli inaona kitu kimechomekwa lakini haipati maelezo yake. Hapo inatoa modi za tahadhari zisizozidi 1024 kwa 768. Naona ni uamuzi wa busara: maneno yaliyotanuka yanasomeka, skrini nyeusi katikati ya ibada haisomeki.

Hakikisha mwenyewe kwenye terminali:

`cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c`

(Kwenye mashine nyingine ni card1.) Ukipata 0, maelezo hayafiki, badili waya, au tumia HDMI kama projekta inayo. Ukipata 128 au 256, EDID inafika, niandikie tena.

Kwa nini kazi hii ifanywe na kerneli? Programu ya picha si ingetosha? Msomaji, Njiro.

Kwenye Linux ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, na tuliilipia. Seva ya X, programu iliyochora picha kwenye skrini, iligusa yenyewe rejista (vihifadhi vidogo vya mipangilio) za kadi ya picha, ikiwa na mamlaka yote ya msimamizi wa mashine, huku kerneli nayo ikitaka kuandika maandishi yake kwenye skrini hiyohiyo. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ukihama kutoka picha kwenda maandishi, skrini inapepesa. Mashine ikiamka usingizini, kerneli haijui irudishe modi gani. Na kerneli ikianguka wakati X imeshika skrini, ujumbe wa kueleza sababu hauonekani, wakati ambao unauhitaji kuliko wakati wowote. Linux 2.6.29 ya mwaka 2009 ndiyo iliyoanza kuhamishia kazi hii ndani ya kerneli, kwa kadi za Intel.

Natengeneza kerneli ndogo kwa mradi wangu wa chuo. Nimepanga mafaili matatu: upana, urefu na Hz (picha inachorwa upya mara ngapi kwa sekunde). Programu inaandika namba, skrini inabadilika. Inatosha? Mwanafunzi, Tengeru.

Haitoshi, mdogo wangu, na nafurahi umeuliza kabla hujaandika msimbo mwingi.

Chukua mfano wa kutoka 1920 kwa 1080 kwenda 1280 kwa 1024. Programu inaandika upana kwanza, na hapo hapo una 1280 kwa 1080, modi ambayo hakuna aliyeiomba. Kerneli ikiikataa, programu haifiki inakokwenda. Ikiikubali, inaipelekea monita mawimbi isiyoyajua. Ombi la modi lazima liingie lote kwa mwito mmoja.

Halafu namba tatu hazielezi modi. Full HD ya kawaida ya 60 Hz ina nukta 2200 kwa kila mstari na mistari 1125, ukihesabu na sehemu tupu zisizoonekana. Zidisha kwa 60 upate pikseli 148,500,000 kwa sekunde, ndiyo saa, yaani kasi ya kutuma pikseli, ya 148.5 MHz. Upo mpangilio mwingine wa 1920 kwa 1080 wenye sehemu tupu ndogo zaidi, unaotumia 138.5 MHz. Upana na urefu ni vilevile, Hz karibu sawa, lakini mawimbi ni tofauti, na kuna monita inayokubali mmoja na kukataa mwingine. Kwa hiyo programu ipewe modi nzima ichague, isilazimike kuibuni.

Sasa lile ninalolisisitiza kuliko yote: weka njia ya kuuliza bila kugusa skrini. Skrini mbili zinaweza kukubalika kila moja peke yake, lakini zikiwa pamoja kadi ikazidiwa na mzigo wa kumbukumbu. Njia ya zamani ya Linux ilipanga skrini moja moja, ukagundua tatizo ukiwa umeshavuruga ya kwanza. Tangu Linux 4.2 ya mwaka 2015 programu inaweza kupeleka hali nzima ya skrini zote kwa pamoja, ikakubaliwa yote au ikakataliwa yote, na kuna alama ya kusema "jaribu tu". Ningekuwa wewe ningeanzia hapo.

Mafaili usiyatupe, yabaki ya kusoma. Linux inaonyesha `status` na `modes` kwa kila tundu, yeyote anasoma kwa `cat`. Kubadilisha kunapitia `/dev/dri/card0`, na mwenye idhini ni mmoja kwa wakati. Fungua machache, kwa maana programu zikishakutegemea huwezi kurudi nyuma bila kuziharibu.

Nina kibanda cha mpira Ngarenaro, kompyuta moja, TV mbili. Umeme ukikatika na kurudi, TV ya pili inabaki nyeusi mpaka niingie kwenye mipangilio. Kerneli haikumbuki?

Kaka, haikumbuki kwa makusudi. TV ikichomekwa, kerneli hutoa taarifa tu. Kuamua ionyeshe nini ni kazi ya programu ya mezani (desktop), maana ndiyo inayojua unataka nini. Yaelekea kompyuta inamaliza kuwaka kabla ya TV. Washa TV kwanza. Isiposaidia, ongeza `video=HDMI-A-2:1920x1080@60e` kwenye mstari wa kuwashia kerneli (maelekezo inayopewa mashine inapowaka), ukiweka jina la tundu lako; ile `e` ya mwisho inalilazimisha lihesabiwe kuwa limewashwa.

Nikiweka `nomodeset` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, skrini nyeusi inapona. Nimkabidhi mteja hivyohivyo? Fundi, Kaloleni.

Hapana. Umezima draiva ya picha. Mteja amebaki na modi moja iliyowekwa mashine ilipowaka, na projekta yake huenda isifanye kazi kabisa. Itumie kuingia tu, kisha uiondoe, na skrini ikiwa nyeusi ingia kwa mtandao kutoka kompyuta nyingine usome `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli. Mara nyingi utakuta faili la femuwea (programu ya ndani) ya kadi halipo.