Papa, usitume hiyo avansi kesho

Umeandika kwamba kesho unatuma avansi, malipo ya awali ya poni, yaani farasi mdogo, kwamba muuzaji anacho cheti cha veterineri, daktari wa wanyama, kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja kutoka Kolwezi, na kwamba binti yako wa miaka 11 alimpanda huyo poni akaruka viunzi vyote bila shida. Tumbo limenikata. Huyo mtu wa Kolwezi namjua: na mimi alikuwa anakuja kuninyang'anya poni. Mpaka leo hajafika.

Cheti kimeandikwa na nani, na nani kamlipa? Mimi niliona mhuri na sahihi nikatulia. Kumbe veterineri ndiye anayetibu farasi wote wa muuzaji, ugali wake unatoka pale pale. Na wala hakuandika uongo, ndicho kinachoniuma! Moyo mzuri, mapafu mazuri, macho mazuri, meno yanalingana na umri. Miguu? "Siku ya uchunguzi anatembea vizuri." Siku ya uchunguzi! Maneno hayo yamenila dola ambazo mke wangu hajui jumla yake, na naomba asiingie humu.

Nilipofika, poni alikuwa ameshatandikwa na shingo imelowa jasho. "Tumemwandaa kwa heshima yako, mzee." Heshima gani! Farasi mwenye viungo vibovu akipashwa moto hulegea, na mkorofi akichoshwa hutulia. Halafu wakamkimbiza kwenye mchanga laini, ambako kwato haigongi kitu. Binti akapanda, akacheka, nikalipa.

Siku za mwanzo nyumbani, raha tupu. Kisha akaanza kuchechemea mguu wa mbele, hasa kwenye barabara ngumu na akizungushwa duara dogo. Veterineri niliyemwita mwenyewe akapiga picha ya eksirei: navikulari, mfupa mdogo ulio ndani ya kwato kwa nyuma, umeharibika. Unatulizwa, hauponi. Akaniuliza kama damu ilichukuliwa siku ya kununua. Damu ya nini tena? Ndipo nikaelezwa fenilibutazoni, dawa ya maumivu ambayo unaweza kuichanganya kwenye chakula, na kilema akatroti, yaani akaenda mbio za polepole, bila kulalamika. Damu ikichukuliwa siku hiyo hiyo, maabara wanaiona. Ukingoja wiki kadhaa hakuna kitu, na muuzaji anakuapia kwa Bikira Maria kwamba wewe ndiye uliyemwumiza.

Kwa hiyo: veterineri wako, kwa pesa yako, na damu siku hiyo hiyo, kabla franga haijatoka mfukoni. Fika mapema kuliko saa mliyopatana, umkute bandani, umpapase mgongo, uwe mkavu. Atroti mstari ulionyooka kwenye ardhi ngumu, kisha duara, kulia na kushoto. Veterineri akunje kila mguu kama dakika moja, auachie, poni aondoke kwa troti papo hapo; tazameni hatua za kwanza, kama anachechemea. Kwato za mbele zipigwe eksirei. Na mwambie muuzaji tangu mwanzo kwamba damu itachukuliwa. Baadaye nilimwambia hivyo muuzaji mwingine, na poni wake akapata mafua ghafla. Pole yake.

Urefu: mwisho wa poni kimataifa ni sentimita 148 bila viatu, hupimwa pale shingo inapokutana na mgongo. Pima kwenye sakafu tambarare, usikubali "kama 145 hivi". Jike au aliyehasiwa? Mtoto huwa anaelewana zaidi na aliyehasiwa, ila mguu mbovu hauna jinsia. Chanjo ya tauni ya farasi uione imeandikwa kwenye pasipoti yake, maana mvua zikianza hapa Lubumbashi visubi vinavyoeneza ugonjwa huo havimuulizi mtu bei aliyonunulia.

Lakini hiyo damu, Papa. Muuzaji akinuna, akisema humwamini, mjibu kwamba kweli humwamini na uondoke. Wangu bado yuko kwangu Kasapa, ananenepa. Ni mashine ya kukata nyasi ya bei ghali kuliko zote Katanga.

Kama avansi umeshatuma, niandikie faraghani jina la muuzaji. Nataka tu kujua kama ni yule yule.