Maswali ya wasomaji: gurudumu linapozunguka, sini inaingiaje?

Swali: Tumepewa gurudumu la London Eye, lile kubwa la kubeba abiria jijini London: kimo mita 135, kipenyo mita 120, mzunguko mmoja takriban dakika 30. Tunatakiwa kuandika kimo cha abiria kwa mlinganyo h = d + a sin(bt + c), t ikiwa ni dakika tangu apande pale chini kabisa. Namba tatu nazipata, lakini c inanishinda kila mara.

Jibu: Acha fomula kwanza, chora duara. Weka nukta kwenye kitovu, kisha vuta mstari wa mlalo kutoka kitovuni kwenda kulia. Pembe zote zinapimwa kuanzia mstari huo. Sini ya pembe inakuambia jambo moja tu: abiria yuko juu au chini ya kitovu kwa sehemu gani ya nusu kipenyo. Ukilishika hilo, kila herufi ya mlinganyo inapata mahali pake kwenye mchoro.

Nusu kipenyo ni mita 60, basi a = 60. Wanaoandika 120 wanamzamisha abiria mita 45 chini ya ardhi. Kitovu kiko 135 − 60 = 75 juu ya ardhi, hiyo ndiyo d. Hapa pia watu huteleza kwa kuandika 60, kana kwamba gurudumu linagusa ardhi, ilhali sehemu yake ya chini iko mita 15 juu. Kisha b: duara zima ni radiani 2π, nalo linakamilika kwa dakika 30, kwa hiyo b = 2π/30 = π/15, yaani karibu radiani 0.209 kila dakika.

Sasa c. Hiyo ni pembe aliyopo abiria saa inapoanza kuhesabu, t = 0. Yuko chini kabisa, robo duara chini ya mstari wa mlalo, kwa hiyo c = −π/2:

h = 75 + 60 sin(πt/15 − π/2)

Ihakiki kabla hujaendelea. Dakika 0 inatoa 15, dakika 7.5 inatoa 75, dakika 15 inatoa 135. Zote tatu zikikubali, mlinganyo umesimama. Ukipenda kosini, andika h = 75 − 60 cos(πt/15); ni kitu kilekile, na kwa safari inayoanzia chini sisi tunaipendelea kwa sababu c haihitajiki kabisa.

Kuna kosa moja linalojificha hapa. Robo mzunguko ni dakika 7.5, na ni sahihi kuandika sin(π/15 × (t − 7.5)). Ila ukiondoa mabano ukaandika sin(πt/15 − 7.5), umechanganya dakika na radiani. Ndani ya sini, kinachojumlishwa au kutolewa nje ya mabano ni pembe; ndani ya mabano pamoja na t, ni muda.

Swali: Natumia h = 75 − 60 cos(πt/15). Dakika 0 kikokotoo kinanipa 15, sawa. Lakini dakika 15 kinanipa 15.09, na dakika 30 kinanipa 15.36. Nimekosea wapi?

Jibu: Mlinganyo hauna kosa. Kikokotoo chako kipo kwenye nyuzi, nawe unakilisha radiani, kwa hiyo 6.28 yako ya dakika 30 (yaani 2π) kinaichukua kuwa nyuzi 6.28 na gurudumu halijafika popote. Badilisha hali iwe radiani. Au baki kwenye nyuzi na uandike cos(12t), maana 360/30 = 12.

Swali: Abiria anakaa juu ya mita 105 kwa muda gani? Nimepata t = 10 tu.

Jibu: Umepata nusu ya jibu. Kutoka 75 + 60 sin(pembe) = 105, sini ya pembe ni 0.5. Kikokotoo hutoa π/6 na kunyamaza, lakini mstari wa mlalo uliochorwa kwenye kimo cha mita 105 unalikata duara mahali pawili: abiria akipanda na akishuka. Pembe ya pili ni π − π/6 = 5π/6. Rudisha kwenye muda: πt/15 − π/2 = π/6 inatoa t = 10, na 5π/6 inatoa t = 20. Jibu ni dakika 10, theluthi nzima ya safari.

Tazama na hili, kwa sababu ndipo uzuri wa sini ulipo. Kutoka mita 75 hadi 105 abiria anatumia dakika 2.5. Mita 30 zinazofuata, hadi kileleni, zinamchukua dakika 5. Gurudumu halijapunguza mwendo. Ila karibu na kilele mwendo huo unaelekea pembeni zaidi kuliko juu.

Swali: Je, pistoni ya injini nayo inafuata sini, kwa kuwa inasukumwa na krenki inayozunguka?

Jibu: Karibu, lakini siyo kamili. Sini inatoka pale tunapopima kimo cha nukta ambayo yenyewe iko kwenye duara, nalo linazunguka kwa mwendo usiobadilika. Pistoni haipo kwenye duara. Imeunganishwa nalo kwa konrodi, yaani fimbo inayotoka kwenye krenki hadi kwenye pistoni, na konrodi inalala upande krenki inapozunguka.

Chukua krenki yenye nusu kipenyo cha milimita 40 na konrodi yenye urefu wa milimita 140. Umbali wa pini ya pistoni kutoka kitovu cha krenki ni

x = 40 cos θ + √(140² − 40² sin² θ)

θ ikipimwa kutoka juu kabisa. Juu x = 180, chini x = 100, kati ya hizo ni 140. Lakini krenki ikifika nyuzi 90, x ni √18000, yaani 134.2. Pistoni imeshapita katikati kwa karibu milimita 5.8. Kadiri konrodi inavyokuwa ndefu kuliko krenki, ndivyo tofauti hiyo inavyopungua. Kwa makadirio ya haraka tumia kosini peke yake. Kwa kupanga muda wa vali, tumia mlinganyo mzima wenye kipeuo.