Mozaiki za Maarat al-Numan

Ndugu, umeuliza kwa nini mozaiki (picha zilizoundwa kwa vijiwe vidogo vya rangi) za makumbusho ya Maarat al-Numan, nchini Syria, hazikuhamishwa vita vilipokaribia. Nyingi ni vipande vikubwa vya sakafu za enzi za Warumi na Wabizanti (Warumi wa mashariki), na uzito wake ulifanya kuzibeba kuwe hatari. Kwa hiyo wanaakiolojia wa Syria na wenyeji, ambao kwangu wanastahili heshima kubwa kwa kufanya kazi hiyo mji ukishambuliwa kwa ndege, walizipaka gundi inayoyeyuka kwa maji, wakazifunika kwa kitambaa, kisha wakapanga mifuko ya mchanga mbele yake. Mwezi Juni 2015 mabomu ya mapipa, yaani mapipa yenye vilipuzi yanayodondoshwa kutoka angani, yalibomoa sehemu ya jengo la makumbusho hayo, la karne ya 16, lakini mozaiki nyingi zilisalimika nyuma ya mifuko hiyo.