Nimebadilisha nenosiri mara mbili, mbona barua pepe bado zinapotea?

SWALI: Mimi ni mama ninayeuza viazi hapa Uyole, Mbeya. Wiki iliyopita kwenye kundi letu la WhatsApp iliingia linki ya kujisajili mbolea ya ruzuku. Nikaifungua, nikajaza namba ya simu, Gmail yangu na nenosiri lake, kisha nikaambiwa niingize tarakimu sita zilizokuja kwa meseji. Baada ya dakika chache WhatsApp ikanitoa, na sasa kuna mtu anaomba watu hela kwa jina na picha yangu. Gmail nimebadilisha nenosiri mara mbili, lakini mteja wangu wa Dar es Salaam anasema ananiandikia na mimi sioni kitu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Kabla ya kugusa kitu kingine, piga simu ya kawaida kwa admini wa kila kundi ulilomo, namba yako itolewe kwa muda. Watu wako wa karibu watumie meseji ya kawaida kwamba anayeomba hela si wewe. Kila saa inayopita kuna mtu anaweza kutuma pesa akidhani anakusaidia.

Zile tarakimu sita ndizo WhatsApp inazotumia kuhakikisha kwamba namba ni yako. Tapeli aliandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp ikatuma tarakimu kwako, na ule ukurasa wa mbolea kazi yake ilikuwa kukuomba umpe. Kuirudisha WhatsApp yako ni kwa njia ileile. Fungua WhatsApp, andika namba yako, omba tarakimu mpya, ziingize. Hapohapo simu yake inatolewa. Ukiona inakuambia usubiri saa kadhaa, ni kwa sababu ziliombwa mara nyingi mno. Acha muda uishe, usibonyeze tena na tena, utauongeza.

Huenda ukaombwa na PIN ambayo hukuiweka wewe. Hiyo ameiweka yeye ili akucheleweshe. Utasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN, ila tulia: ukishaingiza tarakimu sita, na yeye ametoka. Ukiingia, nenda kwenye Mipangilio, fungua Vifaa Vilivyounganishwa na uondoe kila usichokijua, maana akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Kisha fungua Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako na barua pepe yako. Lakini barua pepe hiyo uiweke baada ya kuisafisha, kama nitakavyoeleza.

Piga pia *#21# uone kama simu zako zinapelekwa kwenye namba nyingine. Matapeli hupenda mtego huu kwa sababu tarakimu za WhatsApp zinaweza kusomwa kwa kupigiwa simu badala ya meseji. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kufuta uelekezaji wote.

Sasa Gmail, na hapa ndipo penye hatari kubwa kwa biashara yako. Nenosiri ni mlango tu. Tapeli akishaingia mara moja huacha maagizo ndani, na maagizo hayo hayafutiki kwa kubadilisha nenosiri. Mara nyingi ni kichujio kinachosema: barua yoyote kutoka kwa mteja huyu ipelekwe kwenye anwani fulani, kisha itupwe kwenye takataka. Wewe huoni kitu, yeye anasoma kila kitu.

Programu ya Gmail ya kwenye simu haionyeshi vichujio. Tumia kompyuta, hata ya stationery mradi mwenyewe unamwamini na utatoka kwenye akaunti ukimaliza. Au fungua mail.google.com kwenye kivinjari cha simu na uchague muonekano wa kompyuta. Bonyeza alama ya gia juu kulia, fungua mipangilio yote. Angalia sehemu tatu: vichujio na anwani zilizozuiwa, usambazaji wa barua, na akaunti. Kwenye akaunti soma kwa makini anwani ya kupokea majibu, kwa sababu anaweza kuwa ameweka inayofanana na yako kwa tofauti ya herufi moja. Futa usichokiweka wewe. Halafu kwenye kisanduku cha kutafuta andika in:anywhere ikifuatiwa na anwani ya mteja. Utafutaji huo unaingia hadi kwenye takataka na barua taka, na takataka hukaa siku 30 kabla ya kufutika, kwa hiyo usichelewe.

Baada ya hapo nenda kwenye usalama wa Akaunti ya Google. Ondoa simu na programu zisizo zako, kagua namba na barua pepe za kurejesha akaunti, badilisha nenosiri mara ya tatu, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Omba na misimbo 10 ya akiba, ya kuingilia ukikosa simu yako. Iandike kwenye karatasi, uiweke panapowekwa vyeti.

Mpigie mteja kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Mwambie akaunti yako ya benki haijabadilika, na asilipe kwa maelekezo ya barua pepe bila kusikia sauti yako. Tapeli anayesoma ankara kwa kawaida anasubiri siku ya malipo.

Kuhusu meseji za zamani: WhatsApp huzihifadhi kwenye simu yako, hivyo kuteka namba peke yake hakumpi tapeli meseji hizo. Ila umempa na nenosiri la Google, na kama nakala zako zilikuwa Google Drive, angeweza kuzivuta. Kama uliwahi kutuma picha ya kitambulisho cha NIDA, hesabu kwamba ameiona. Piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ubadilishe PIN ya pesa za simu leo.

Linki yenyewe ungeweza kuisoma hivi. Chukua mfano kilimo.go.tz.jisajili-leo.top/mbolea. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma kushoto. Mwenye tovuti ni jisajili-leo.top, hayo ya kilimo.go.tz yaliyotangulia yeyote anaweza kuyaandika. Alama ya kufuli nayo inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi uliyemfikia ni nani. Mbolea ya ruzuku ilizinduliwa hapahapa Mbeya siku ya Nane Nane 2022, watu wanaiamini, ndiyo maana imegeuzwa chambo. Usajili wake uliza kwa mtendaji wa kijiji au afisa ugani.

Namba ambayo tapeli anataka atumiwe hela iripoti kwa kutuma meseji 15040, na uchukue RB (namba ya taarifa yako) polisi, hasa kama kuna aliyekwisha kutuma. Na ukimpigia admini, mwambie aifute ile linki kwa wote leo hii. Bado iko pale kundini, na wenzako wanaiona.